Je, risasi inayogonga bamba la chuma huyeyuka?

Mwalimu wa Kongwa aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nafundisha fizikia kidato cha nne, na wiki iliyopita niliwaonyesha wanafunzi video ya risasi ya bastola ikigonga bamba la chuma cha pua, iliyopigwa kwa kamera inayonasa picha milioni moja kwa sekunde. Video hiyo ikichezwa kwa picha 25 kwa sekunde, tukio hurefushwa mara 40,000, hivyo risasi ya milimita 15 huchukua karibu sekunde mbili kutoweka mbele ya macho. Haikudunda. Ilianza kulika puani, ikatandaa pande zote kama sahani nyembamba, na kitako chake kikazidi kusonga mbele kana kwamba hakijapata habari. Mwanafunzi mmoja akasema imeyeyuka, nami nikamkubalia, lakini usiku nikaingiwa na shaka. Je, nilimdanganya?

Fundi wa Kizota alijibu:
Mwalimu, mimi huyeyusha madini ya risasi ili kutengeneza chubwi za wavuvi wa Mtera (lugha yetu imeyapa madini na kitu kinachotoka kwenye bunduki jina moja, nayo imenipotezea muda mwingi kueleza biashara yangu). Risasi iliyoyeyuka hung'aa kama kioo, na tone lake likiruka hujikusanya likawa duara. Hebu isimamishe video na utazame ukingo wa ile sahani: kama umechanikachanika mithili ya chapati iliyovutwa kwa mikono, basi hicho si kimiminika.

Mhandisi wa Ipagala alijibu:
Fundi ameona vizuri, nami naongeza hesabu. Kwa mwendo wa mita 360 kwa sekunde, na kwa kuwa kila mita ya ujazo ya madini hayo ina kilo 11,340, nusu ya densiti mara mraba wa mwendo hutoa shinikizo la takriban megapaskali 735. Risasi laini hukubali kubonyea kwa megapaskali chache tu, pengine kumi au ishirini. Nguvu inapoizidi kiasi hicho, ugumu wake hauna maana tena, nayo hutiririka ingali yabisi, kama udongo anaoutupa mtu anayekandika ukuta wa tembe: unatandaa kwa sababu ukuta umeushinda, wala hakuna aliyeupasha moto. Chuma kilichokazwa hustahimili zaidi ya megapaskali 1,000, ndiyo maana bamba lilibaki limesimama.

Hata hivyo, mwanafunzi wako asichekwe. Kilo moja ya risasi kwenye mwendo huo hubeba jouli 64,800, ilhali kuipasha kutoka joto la kawaida hadi nyuzi 327 na kisha kuiyeyusha huhitaji kama jouli 63,000. Namba hizo zimekaribiana mno, na huo ndio mtego, kwa kuwa vipande vinavyotawanyika pembeni huondoka na sehemu kubwa ya nishati hiyo vikiwa bado mbioni, na kutandaa kulianza tangu picha ya kwanza, kabla joto halijapata nafasi ya kujikusanya. Kwa bunduki ya mita 840 kwa sekunde, nishati kwa kila kilo ni zaidi ya mara tano ya hiyo, na hapo sehemu ya madini inaweza kuyeyuka kweli.

Mwalimu wa Kongwa alijibu:
Nimeisimamisha video. Ukingo umechanika, tena kuna nyufa zinazoanzia katikati. Jumatatu nitawaomba radhi wanafunzi. Fundi, ningependa kununua kipande kimoja tukigonge kwa nyundo kikiwa baridi, ili waone kikitandaa bila moto.

Fundi wa Kizota alijibu:
Njoo uchukue bure, mwalimu. Usikubali tu wakiyeyushe darasani, maana moshi wake ni sumu, na kila atakayekishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kwenda kula.