Kabla ya kuanza kazi Ujerumani nataka kutembea Camino kwa miguu, nyumbani hawanielewi

Binti wa Ngamiani

Assalaam aleikum, na wasio Waislamu habari zenu.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mkataba wangu wa Ausbildung (mafunzo ya kazi yenye mshahara) ya uuguzi Ujerumani unaanza tarehe 1 Oktoba. (Ndiyo, nina stashahada ya hapa, na ndiyo, nimekubali kurudi darasani. Mjadala huo tusiufungue leo.)

Nataka nitoke mwishoni mwa Agosti, nipitie kwanza Camino de Santiago. Ni ile njia ya miguu inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, inapanda milima ya Pyrenees, halafu inakatiza kaskazini mwa Hispania mpaka Santiago de Compostela. Kilomita 780 hivi. Wengi humaliza kwa wiki nne mpaka tano.

Mama aliniuliza huku anakuna nazi, wala mbuzi haikusimama: "Kwani huko magari hakuna?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Jibu langu ni kwamba miaka yote hii natoka zamu ya usiku naingia kwenye daladala, natoka kwenye daladala naingia kitandani. Nikifika Ujerumani ni zamu na masomo kwa miaka mitatu. Katikati pale kuna mwezi mmoja ambao si wa mgonjwa wala si wa mwajiri. Nautaka huo.

Kizito zaidi ni kwamba nauli imechangwa na ukoo. Baba mdogo katoa hela ya machungwa yake ya Muheza. Pesa ya Camino ni yangu, nimeitoa kwenye upatu, ila nani atakaa atofautishe?

Aliyewahi kwenda anisaidie: viza itanibana? Muislamu ataishije kwenye njia ya mahujaji wa Kikristo? Na mazoezi nifanyie wapi, maana hapa mjini ni tambarare tupu?

Shangazi Chumbageni

Wa aleikum salaam mwanangu. Acha niseme ambalo wenzangu wataona haya kulisema. Ukoo ukichanga unachangia kazi, hauchangii matembezi. Ukivunjika mguu huko milimani, simu itapigwa Tanga. Na mtoto wa kike safari ya mwezi porini bila maharimu, ndugu wa kiume wa kumsindikiza, hilo nalo umelifikiria? Nenda kazini, mrudishie baba yako mdogo japo nusu, kisha ukatembee mpaka uchoke. Mlima hauhami.

Mdigo wa Leipzig

Shangazi, shikamoo. Kwenye hela sikupingi. Kwenye mengine niruhusu, maana njia hiyo nimeitembea yote.

Dada, viza kwanza. Viza ya kitaifa ya Ujerumani, ile ya D ya kukaa muda mrefu, inakuruhusu kuwa katika nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza, mpaka siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo Ufaransa na Hispania huombi viza nyingine. Cha kuangalia ni tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye stika. Ikiwa inaanza siku mbili kabla ya mkataba, mpango wote umekufa, hivyo kwenye maombi andika wazi siku unayotaka kuingia. Bima ya kazini inaanza na mkataba. Mwezi huo nunua bima ya safari mwenyewe, na uisome kama inahusu kutembea milimani.

Mazoezi: panda basi, shuka Mombo, nenda Lushoto kwa miguu. Ni km 33 na mwinuko wake si haba. Siku ya kwanza ya Camino ndiyo inayovunja watu. Unaanzia kama mita 170 juu ya usawa wa bahari, unapanda mpaka zaidi ya mita 1,400, ndipo unashuka Roncesvalles, jumla km 25 hivi. Mombo nenda na begi lenye uzito ule ule utakaobeba. Lala Lushoto, kesho yake ushuke kwa miguu pia, usidandie gari. Kupanda kunakata pumzi tu, kushuka ndiko kunakomaliza magoti na kucha.

Dini hakuna aliyeniuliza. Wanauliza umetoka wapi na mguu gani unauma. Njia karibu yote inaelekea magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi liko mgongoni na kibla iko nyuma yako, ukitaka kusali unageuka tu. Septemba huko jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, saa yetu hii hii ya Kiswahili! Unasali alfajiri bila haraka na bado unatoka gizani. Isha inaangukia karibu saa nne usiku, na muda huo hosteli zinazima taa. Msafiri ana ruhusa yake ya kukusanya sala, itumie.

Chakula, nguruwe yuko kila mahali, mpaka kwenye adesi wanamtia. Kilichoniokoa ni tortilla de patatas: viazi na mayai, chipsi mayai iliyonenepa, ikapoa, ikakatwa vipande kama keki. Utaila mpaka uichukie.

Hosteli wanaziita albergue. Unaingia kwa kitabu chako cha mihuri, credencial, na kwa kawaida unalala usiku mmoja tu. Kabla hujaweka begi kitandani kagua mishono ya godoro. Kunguni wapo. Beba kanga pea moja: mojawapo nilijifutia, nyingine niliining'iniza kitanda cha juu ikawa pazia, na Wazungu wakaanza kuniulizia bei. Kwa siku tenga euro 35 mpaka 45, kwa hiyo mwezi mzima ni zaidi ya shilingi milioni 3.

Picha zote utakazoona ni za milima. Mimi kilichonikaa ni Meseta, ile nyanda kavu kati ya Burgos na León. Ukishatoka Carrión de los Condes kuna km 17 hivi hazina kijiji, kivuli cha kuokoteza, barabara imenyooka mpaka inakera. Nilibaki nataja kwa sauti stesheni za reli yetu: Pongwe, Muheza, Korogwe, Mombo, Mkomazi, Same. Nikifika Moshi naanza upya kutoka Tanga. Mzee mmoja Mfaransa alinipita akaniamkia kwa upole sana, nadhani alidhani nasali.

Chongoleani Boy

Tanga waja leo waondoka leo, huyu anaondoka kwa miguu kabisa! Dada, kwa nini usichukue kipande? Sarria mpaka Santiago ni km 115 hivi, wiki moja imeisha, na cheti cha kumaliza Camino unapata kwa sababu wanadai angalau km 100. Mama anafurahi, baba mdogo anafurahi.

Binti wa Ngamiani

Shangazi shikamoo, na ahsante kwa kuniambia usoni. Ila la maharimu nalo: Ujerumani naenda peke yangu miaka mitatu, na siku ya kuchanga hakuna aliyelitaja.

Jana nimekwenda Muheza kwa baba mdogo. Hakuuliza Camino ni nini. Aliuliza, "Yangu inarudi lini?" Tukaandikiana kwenye daftari kwamba mshahara wa pili na wa tatu ni wake, na mamdogo akatia saini kama shahidi. Mama bado hajatoa neno, ila asubuhi aliniuliza viatu vya kazi hiyo vinauzwa wapi. Nimelichukua hilo kama nusu ya ruhusa.

Sarria hapana, kaka. Wiki moja hata hapa kazini naipata nikiomba likizo.

Mdigo, viatu basi. Vya mtumba vinafaa?

Mdigo wa Leipzig

Vinafaa ukivikagua. Pinda soli kwa nguvu dukani, gundi iliyozeeka itaachia hapo hapo mbele ya muuzaji. Chukua namba moja zaidi ya yako, mguu unavimba. Mimi ningetafuta mtu wa Moshi, wagumu wa mlimani, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wanauza vya wageni vikiwa bado vizima. Soksi za sufu pea tatu, na uanze kuvaa sasa hivi, sokoni, kisimani, popote. Malengelenge wewe muuguzi, sikufundishi.

Na Mombo anza kupanda kabla ya saa moja asubuhi. Baadaye mabasi ya Lushoto yanakubana kwenye zile kona, na bega la barabara hakuna.