Jumba letu la maduka Nakuru linakatwa vibanda: nilipe gudwili au nihame?

Mshonaji wa Kiamunyi: Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninashona na kuuza sare za shule katika jumba la maduka nje kidogo ya Nakuru. Tangu supamaketi ilipofunga, wateja wamepungua na orofa nzima imebaki tupu. Sasa tumeambiwa jengo litafanyiwa ukarabati, nafasi ya supamaketi ikatwe vibanda vidogo, na anayetaka kurudi atangulize gudwili, yaani malipo ya kupewa nafasi, mbali na kodi. Nilipe au nihamie mjini?

Mzee wa Rongai: Binti yangu, majumba haya yalijengwa yakitegemea mpangaji mmoja mkubwa. Supamaketi ya Nakumatt, iliyopata jina lake kutokana na duka la magodoro la hapa Nakuru, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Tuskys, iliyozaliwa hapa Rongai, ikafuata njia hiyo. Mimi nilikuwa nauza viatu katika jumba moja Kisumu, na supamaketi ilipoondoka ndipo nilipojua kwamba wateja wangu walikuwa wakifuata unga na maziwa, viatu wakiviona njiani tu.

Wakili Mtaani: Dada, mkataba wako ni wa muda gani? Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu wenye majengo na wapangaji wa biashara, inamlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Huyo hupewa notisi rasmi isiyopungua miezi miwili, na anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara kabla haijaanza kutumika.

Mshonaji wa Kiamunyi: Ni miaka mitano na miezi mitatu.

Wakili Mtaani: Miezi hiyo mitatu huwekwa makusudi ili kumtoa mpangaji nje ya kinga. Tafuta kifungu kinachoruhusu mkataba kuvunjwa ndani ya miaka mitano bila kosa la mpangaji, kwa sababu kikiwapo, kinga ipo. Je, umetia sahihi karatasi nyingine?

Mshonaji wa Kiamunyi: Nilitia sahihi barua ya kukubali kuondoka, na nimelipa nusu ya gudwili kwa mkopo wa chama. Msinilaumu. Wazazi wamezoea kunipata hapo kila Januari, na vibanda vya karibu na lango vinakwisha.

Mama wa Lanet: Fedha za chama ni jasho la wenzako. Je, wanajua zilikokwenda?

Mkazi wa Milimani: Mimi nauona huu kuwa uzi wa dalali. Mtu aliyekwisha kulipa anaomba ushauri wa nini, kama si kututangazia kwamba vibanda vinakwisha? Taja jengo.

Mshonaji wa Kiamunyi: Siwezi kulitaja nikiwa bado mpangaji. Ningekuwa dalali, nisingesema kwamba risiti yangu ina jina la wakala, wala si la mwenye jengo.

Wakili Mtaani: Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo! Usilipe nusu iliyobaki. Fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi ujue mmiliki ni nani, uombe kuona ramani iliyoidhinishwa na kaunti, kisha umtake mmiliki mwenyewe athibitishe kwa maandishi kwamba amezipokea fedha zako na kwamba kibanda ni chako.