Naomba ushauri: kuhamisha matumbawe kutoka tangi la lita 200 hadi la lita 500

Ndugu zangu mnaofuga matumbawe hapa Mombasa, naomba mnisaidie kabla sijaanza kuhamisha.

Tangi jipya la lita 500 litakaa sakafu ya chini, Nyali. Maji, mawe na kioo vitapita kilo 600, na meza ya kawaida haiwezi. Maji nitateka baharini yakiwa yamejaa kabisa, mbali na mkondo wa Tudor, niyachuje kwa kichujio cha maikroni 5, kisha nipime chumvi: gramu 35 kwa kilo. Mawe yatahama yakiwa majini, maana bakteria wanaoondoa amonia wamo humo, yakikauka wanakufa.

Mchanga wa zamani sitaki kuuhamisha wote. Ukitibuliwa hutoa taka, na pengine ile gesi ya mayai viza inayoua samaki. Je, kikombe kimoja kilichosuuzwa kwa maji ya bahari kinatosha kupanda wadudu wake kwenye mchanga mpya?

Linaloniumiza kichwa hasa ni joto. Nataka maji yakae digrii 26, na chumba hupita 30 mwezi wa Machi. Feni hupoza kwa kukausha maji, lakini hewa yetu ina unyevu mwingi, hivyo hazifiki mbali. Tena maji yakipungua chumvi inapanda, na ni lazima kujazia maji yasiyo na chumvi yaliyosafishwa kila siku.

Mwenye tangi la ukubwa huu: kipoza maji cha nguvu gani kinatosha, na stima zikipotea usiku kucha mnaendeshaje pampu?