Miaka ya 2000 hadi 2010 Nairobi, ni nini ilibadilisha maisha kabisa?

mtoto_wa_2003: Wazee na wamama wa hapa hamjambo. Mzee wangu kila tukikaa kula ananiambia "nyinyi hamjui tumetoka wapi", nikimuuliza wapi anaanza na Kibaki, anaruka kwa ukame, anaishia kwa simu, mimi nabaki nimechanganyikiwa. Kati ya siasa, mvua na simu ni gani ilibadilisha watu zaidi? Nataka venye mliishi, ya vitabu nimesoma.

konda_mstaafu: Siasa. Nilikua makanga wa Kayole. Kibaki aliapishwa kua rais Desemba 2002 pale Uhuru Park, na hio miezi ya kwanza ya 2003 abiria walikua wakiona karao anaitisha kitu kidogo wanashuka wote kumzomea, wengine wanamshika kabisa wampeleke stesheni. Abiria! Wale wale wa kunyamaza. Hio roho haikukaa sana, lakini niliiona na macho yangu. Alafu Februari 2004 Michuki, waziri wa uchukuzi, akaleta mikanda, spidi gavana ya 80 na mstari wa njano, mat ya nissan ya watu 18 ikawa 14. Gari nyingi zililala gereji watu wakakanyaga hadi tao, tulimtusi huyo mzee hadi tukachoka, na leo nikipanda mat yenye haina mkanda ni mimi wa kwanza kulalamika 😂

mama_K_mathare: Simu, na sio maneno mingi. Nilikua natuma pesa kwetu Kitui na dereva wa basi, nazifunga ndani ya unga ya kilo mbili. Siku moja akaniambia mzigo ulishuka na mtu mwingine. Nifanye nini sasa, nishtaki unga? M-Pesa kuingia Machi 2007 sikuamini, nikatuma mia mbili kwanza kama mtego, mama akapiga akisema nimeiona. Lakini yenye ilinimaliza ni Januari 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi. Barabara zimefungwa, duka zimefungwa, kredo ya mia inauzwa mia mbili ukiipata, na mimi niko Mathare na watoto watatu. Ndugu yangu akauza mbuzi akanitumia, nikatoa kwa wakala mmoja alikua anafungua mlango nusu jioni. Miaka yote pesa ilikua inatoka Nairobi kuenda ushago, hio wiki ikarudi nyuma. Tangu hapo sijawahi ongea na ndugu yangu kama mtu wa kusaidiwa.

saiba_githurai: Mmesahau stima nyinyi. 2000 tulikatiwa kwa zamu juu mvua ilikosa na stima yetu nyingi ilikua ya maji ya Tana. Mimi nikafungua saiba nikidhani hayo yameisha. 2009 waya za intaneti zinafika Mombasa kupitia baharini, kila mtu anasema sasa spidi itakua moto, nikachukua loni ya kompyuta sita, kumbe Masinga, lile bwawa la stima huko Tana, imekauka imefungwa na Agosti tukaanza mgao tena. Intaneti iko, stima hakuna 😭 Nakaa mlangoni mwa saiba naangalia ng'ombe za Wamaasai zikila nyasi kando ya barabara, zimetembezwa hadi Nairobi kutafuta malisho. Hapo ndio tulianza kusikia msitu wa Mau kila habari ya saa moja, na Wangari Maathai alikua ametuambia mambo ya misitu miaka na miaka tukimuona kichwa ngumu, hadi Wazungu wakampa Nobel 2004 ndio tukapiga makofi. Loni nilimaliza kulipa 2012.

konda_mstaafu: @mama_K_mathare hapo kwa mbuzi nimekubali, siasa ishuke namba mbili.

mtoto_wa_2003: Asanteni sana. Nimemsomea mzee yote. Kwa ng'ombe amecheka hadi akakohoa. Kwa Januari 2008 amenyamaza akatoka nje, nimegundua hajawahi niambia alikua wapi hio wiki, na sikumfuata. Amerudi baada ya kitambo akasema nimwambie huyo konda nissan ya 18 walikua wanabeba 22, aache kujifanya mtakatifu.

konda_mstaafu: Huyo namjua, ndio wale wa kulipa nusu wakisema wanashuka hapo mbele.