"Waya ni waya tu"?! Yule jamaa wa laivu katutukana mafundi wote, na fensi zenu mtaziona mvua ikinyesha

Koleo Butu

Wakuu, leo salamu hakuna.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa ovaroli iliyopigwa pasi ambayo haijawahi kuona hata tone la grisi, miwani ya jua saa tatu usiku, "gusa moyo hapo wananzengo wangu". Huyo huyo. Jana kwenye laivu yake kashika mashine ya fensi ya umeme, mashine safi, ya kusukuma volti 8,000, halafu kutoka kwenye mashine hadi juu ya ukuta kavuta waya wa nyumba. Wa 1.5. Mwekundu. Ule ule wa taa ya chooni! Tena kaupitisha paipu moja na waya wa kengele ya geti. Muungwana mmoja akaandika kwa adabu zake zote: "Samahani fundi, hapo si panakaa waya wa HT, ule wa volti kubwa?" Jamaa akacheka. Akavuta juisi kwa mrija. Akasema: "Waya ni waya tu. Maswali mengi peleka bungeni."

Waya. Ni waya. Tu.

Kwa hiyo supu ni supu tu, tunywe maji ya betri? Dawa ni dawa tu, mwenye malaria apewe ya mende? Basi megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere tuzipitishe kwenye waya wa chaja ya simu, si waya ni waya tu!

Huo waya wa nyumba umeandikwa ubavuni, anayejua kusoma asome: 450/750V. Ganda lake la PVC halifiki hata milimita moja. Volti 8,000 ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Siku ya jua kali utaona kila kitu kinafanya kazi, utapiga picha, utamtumia shemeji. Mvua ya kwanza ikiingia kwenye paipu, umeme unatoboa ganda na kukimbilia ukutani. Unasikia tik, tik, tik usiku kucha. Volti za kwenye fensi zinashuka, mashine inadhani kuna mtu kakata waya, king'ora kinalia. Saa nane kinalia. Saa tisa kinalia. Usiku wa tatu mwenye nyumba anakizima mwenyewe kwa hasira. Usiku wa nne mwizi anakuja taratibu, na ndala.

HT ina ganda nene lililotengenezwa kwa volti hizo, na inakaa kwenye paipu yake peke yake, haichangii na waya wa umeme wa nyumba wala wa kamera. Ni mita ngapi kwani? Kupanda na kurudi, kumi, ishirini. Ukuta mzima umezungushiwa nyaya, nguzo zimechomelewa, betri ipo, halafu ubahili unakuja kwenye mita ishirini za mwisho? Na juisi anavuta! Kwa mrija!

Maswali mengi peleka bungeni. Nimeisikia hiyo sauti hadi alfajiri.

Nusu Fyuzi

Punguza makasiriko mkuu. Povu lote hilo linatosha kuoshea fensi ya jirani.

Mama Konekta

Nakazia. Ila nyie wote mliangalia waya, hakuna aliyeangalia ethi, ule muunganisho wa fensi na ardhi. Kachomeka nondo moja, fupi kama ya mishikaki, kwenye mchanga mkavu chini ya ukuta. Ethi ya fensi ni nondo tatu angalau, kila moja mita 1.2 kwenda mbele, ziachane mita kama tatu, na zote zikae si chini ya mita 10 kutoka kwenye ethi ya nyumba. Ethi ikiwa mbovu, mashine hata iwe ya bei gani, mwizi akishika anasikia kama kavua sweta la sufu. Na pale penye mchanga mkavu, nondo zisogezwe kwenye unyevu, karibu na bomba la kumwagilia bustani kwa mfano, au zizamishwe zaidi.

Msomaji wa Meza ya Nyuma

Uzi bila klipu ni umbea. Weka klipu.

Koleo Butu

Klipu ya nini wakati nchi nzima imeona? WAYA WA TAA YA CHOONI.

Pini Nane

Huyo ndiye yule yule anayesema kwenye kamera "keboo zote ni sawa, tofauti ni jina". Nyaya za bei chee ni CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba tupu. Hesabu ndogo: waya wa pawa wa milimita 0.5 za mraba, kamera ya volti 12 iko mita 60, kwenda na kurudi ni mita 120. Shaba inakupa kama omu 4. Kamera ikivuta nusu ampea usiku, unapoteza volti 2, kamera inabaki na 10, inaishi. CCA inapoteza volti 3.3, kamera inabaki na 8.7, na kamera nyingi zikishuka chini ya 9 zinaanza kuzima na kuwaka. Ndiyo maana mchana picha inang'aa, usiku taa za infraredi zikiwaka kamera inajizima. Mteja anaambiwa "kamera mbovu, nunua nyingine". Anafunga ya pili, nayo inakufa vile vile saa moja jioni.

Kupima hakuhitaji chuo. Kwangua waya kwa wembe: ndani pakiwa peupe, hiyo ni alumini. Kwa keboo ya koaksia, ile kama ya antena ya TV, weka sumaku kwenye waya wa katikati, ikinata humo kuna chuma. Au kunja na kukunjua mara kadhaa, alumini inakatika mapema. Na boksi la mita 305 ukilibeba kwa kidole kimoja usijisifu una nguvu.

Nusu Fyuzi

Koleo sema ukweli, jamaa kakupokonya tenda.

Koleo Butu

Tenda gani? Nimesema HT! Nusu Fyuzi na wewe ni waya ni waya tu, naona.

Bi Mkaguzi

"Maswali mengi peleka bungeni." Wadau, bungeni kwenyewe swali linaanza kwa pongezi, linaendelea kwa shukrani, linamkumbuka marehemu, dakika zinakwisha kabla ya kufika kwenye alama ya kuuliza. Jibu: mchakato unaendelea. Hiyo HT itafungwa mwaka ujao wa fedha.

Chawa Mstaafu

Ameanza huyu. Kila kitu siasa. Hata waya?

Bi Mkaguzi

Hata waya. Intaneti ilipozimwa nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, nani alikuwa anaona geti lake? Wale waliouziwa kamera za "kila kitu kinakaa mtandaoni, mashine ya nini" walibaki wanatazama duara linazunguka kwenye simu.

Pini Nane

Hapo ongeza sauti. Kurekodi hakuhitaji intaneti hata chembe. Kamera inahitaji mahali pa kuandika: kadi ndani ya kamera yenyewe, au mashine yenye diski ndani ya nyumba. Intaneti ni ya kutazama ukiwa mbali, basi. Kamera nane za megapikseli 2, kila moja kwenye megabiti 2 kwa sekunde, zinakula kama GB 173 kwa siku. Diski ya TB 1 haifiki siku sita. Jamaa wa juisi anaahidi "mwezi mzima" kwa TB 1. Labda mwezi wa kuandama. Akili nyingine: weka rekodi inayoanza pakiwa na mtu anatembea, si mti ukitikisika, halafu mashine uifiche. Ukiiweka juu ya televisheni sebuleni, mwizi anaondoka na televisheni na ushahidi.

Kisiki wa Likoni

Wabongo poleni. Huku Mombasa mafundi ni hao hao, ila kwetu chumvi ndiyo hakimu. Ukifunga waya wa fensi wa chuma cha kupakwa zinki karibu na bahari, kutu haikawii. Tumieni alumini au chuma kisichoshika kutu. Na msiunganishe shaba na alumini moja kwa moja, ile sehemu ya kiungo inaliwa yote, wekeni vibano vyake. Halafu bogavilia! Mtu analipia fensi kisha anapanda bogavilia ipande juu yake. Tawi bichi likigusa waya ni uvujaji tosha.

Fundi Daftari

Na msipime fensi kwa mita ya kawaida ya umeme, itakufa mkononi. Kuna kipimo chake. Pima inapotoka, pima inaporudi. Ikirudi chini ya 5,000 kuna mahali inavuja: tenganisha kipande kimoja kimoja mpaka zipande. Au zima taa zote usiku usimame, cheche zitakuonyesha zenyewe. Vibao vya onyo kila mita 10 na kwenye kila geti, kila mlango. Mtoto wa jirani hajui kusoma mawazo yenu.

Koleo Butu

Asante Fundi Daftari. Na waya wa nyumba ukitumika badala ya HT, ukipima hapo…

Dada Nenosiri

Mnaongea nyaya tu, nywila je? Hawa wa laivu wote wanaacha ile ya kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi duniani kote kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, wala hakikuvunja chochote. Baya zaidi, fundi anasajili mashine yako kwenye akaunti yake yeye, wewe anakugawia tu kama mgeni. Siku mkikosana anakutazama ukila ugali. Kabla hujalipa salio, fungua akaunti kwa namba yako, mwambie aitoe mashine kwenye simu yake ukiwa unaona, changanua alama yake ya QR upya, badilisha nywila.

Msomaji wa Meza ya Nyuma

Na mwenye kamera inayochungulia bafu la jirani akumbuke kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuziba eneo kwa kivuli cheusi, ni dakika mbili.

Mjumbe Asiyelala

Kamera, kamera. Mbona hamuongelei ulinzi shirikishi? Mchango unadaiwa kila mwezi, risiti hakuna, firimbi inasikika saa nne usiku, baada ya hapo ni wao na usingizi. Viongozi wa mtaa walichaguliwa 27 Novemba 2024, waulizeni daftari la mapato na matumizi kwenye mkutano wa mtaa. Ni haki yenu, si hisani.

Chawa Mstaafu

Mkutano gani? Wanatangaza saa kumi na moja, unafanyika saa kumi.

Mpangaji Sugu

Afadhali huo mchango unaweza kujificha. Kodi ya jengo je? Sh 1,500 kila mwezi ndani ya luku, ilianza 1,000 mwaka 2021. Jengo la mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji, maana ndiye anayenunua umeme.

Bi Mkaguzi

Kisheria ni ya mwenye nyumba. Tunza meseji za luku, jumlisha, 18,000 kwa mwaka, mkatie kwenye pango. Andikeni kabisa kwenye mkataba.

Mpangaji Sugu

Mkataba? Baba mwenye nyumba mkataba wake ni kukohoa.

Fundi Daftari

Na nyumba moja yenye mita tatu, zote zisikatwe kwa jengo moja. Kusanya namba za mita zote, nenda ukaombe ibaki moja.

Koleo Butu

Jamani. Volti 8,000. Ganda la 750. Alikuwa anakunywa JUISI.

Mpangaji Sugu

Mkuu Koleo, mambo ya nyaya yafungulie uzi wake, hapa tunaongelea kodi ya jengo. Fundi Daftari, hizo namba za mita wanataka na kitambulisho cha mwenye nyumba au cha mpangaji kinatosha?