Mikono ya baba imetulia kwa dawa za Parkinson, lakini uchovu haumwachi: ni dawa au ni ugonjwa?

Mkazi wa Ilazo (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba uzoefu wa wagonjwa wenyewe na wa ndugu wanaouguza, hasa mlioko Dodoma, Singida na wilaya za jirani, kuhusu jambo ambalo foleni ya kliniki haitupi nafasi ya kulieleza vizuri.

Baba yangu ana umri wa miaka 68. Alikuwa mkulima wa alizeti na mtama huko Kongwa, na sasa anaishi nami Ilazo. Alithibitishwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson baada ya muda mrefu wa kuambiwa kwamba ni uzee, kisha kwamba ni kiharusi kidogo, na kwa baadhi ya watu wa kijijini kwamba ametupiwa kitu. Daktari alimwanzishia kidonge chenye levodopa na kabidopa, kile cha miligramu 250 kwa 25, nusu kutwa mara tatu. Kwa upande wa mwendo sina malalamiko: anafunga vifungo vya shati mwenyewe, sauti imerudi, na mkono wa kulia uliokuwa ukitetemeka hata akiwa amekaa tu sasa umetulia sehemu kubwa ya siku.

Kinachotusumbua ni uchovu. Anaamka akisema mwili hauna nguvu, anapata ahueni kidogo kuelekea saa nne, kisha baada ya chakula cha mchana anaishiwa kabisa hadi jioni; hataki mazungumzo, hataki redio, na wala halali usingizi. Shangazi yangu anashikilia kwamba dawa ni kali mno na kwamba isimamishwe kwanza ili mzee apumzike. Anatumia pia dawa mbili za presha alizoandikiwa miaka mingi iliyopita, amlodipini na ile ya kuongeza mkojo. Zote tunampa baada ya kula. Je, uchovu huu unaletwa na dawa au ni ugonjwa wenyewe, na ninyi mliutofautisha vipi?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Mwanangu, mimi ni mgonjwa, kwa hiyo nitazungumzia mwili wangu na si vitabu. Kwanza mwambie shangazi, kwa heshima zote, kwamba dawa isisimamishwe kwa uamuzi wa nyumbani.

Uchovu ulinifika kabla ya kutetemeka. Nilikuwa bado ninafundisha, nikawa nasahihisha madaftari ya nusu ya darasa na kuyaacha mengine mezani, si kwa kukosa usingizi wala kwa ugumu wa kazi, bali kwa sababu nia ilikuwepo na mwili hauitiki. Nyumbani waliniona mvivu, na shuleni walisema ninasubiri kiinua mgongo tu. Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kwamba takribani nusu ya wagonjwa wa Parkinson wana uchovu wa namna hii na kwamba kwa wengine hutangulia dalili nyingine zote. Huo ni wa ugonjwa wenyewe. Haulingani na kazi uliyofanya, na kulala mchana kutwa hakuuondoi.

Levodopa haikuuondoa wote, ingawa iliupunguza. Kilichojitokeza baada ya miaka kadhaa ya kuitumia ni uchovu wa pili, wenye saa yake maalumu. Unanishika dozi iliyotangulia inapokaribia kuisha: miguu inakuwa mizito, maandishi yanakuwa madogo, moyo unaingiwa na wasiwasi usio na sababu, na nusu saa hivi baada ya kumeza kidonge kinachofuata yote hayo yanaondoka. Hali hiyo haitokani na dawa kuwa nyingi, ni dawa kuisha mwilini kabla ya wakati, kama taa ya sola inayofifia kabla ya alfajiri. Ikiwa uchovu wa mzee wako ni wa aina hiyo, shangazi anaomba kinyume cha kinachohitajika.

Upo na wa tatu. Wakati fulani niliongezewa pramipeksoli, dawa nyingine ya Parkinson, na hiyo ilinipa usingizi, ambao ni kitu tofauti. Nilikuwa nasinzia kanisani kabla mahubiri hayajaanza (yakishaanza wengi husinzia, hilo silihesabu). Daktari aliipunguza hatua kwa hatua hadi ikaisha, na usingizi ule ukaondoka. Umesema baba yako halali. Shikilia maelezo hayo utakapomwona daktari, kwa sababu ukisema tu kwamba amechoka, watu wawili wanaweza kuelewa mambo mawili.

Chukua daftari, uandike kwa wiki moja saa ya kila kidonge, saa ya kila mlo na kilicholiwa, na saa ambayo uchovu unaanza na kuisha. Mimi daftari hilo lilinisaidia kuliko vipimo vingine vyote.

Binti wa Singida

Shikamoo Mwalimu, na pole sana mleta mada. Mimi namuuguza mama, na kwetu mambo yalikuwa tofauti kidogo.

Mama alianza na triheksifenidili kwa sababu ndiyo iliyopatikana wilayani. Wengi wanaifahamu kwa kuwa hupewa wagonjwa wa akili wanaotumia haloperidoli, na ndiyo maana jirani mmoja aliyeona bahasha yetu alianza kumtazama mama kwa jicho jingine. Kutetemeka kulipungua, lakini mdomo ulikauka, choo kikawa kigumu, akawa anasahau majina ya wajukuu na kuonekana amezubaa. Sisi tuliita uchovu. Daktari wa hospitali ya rufaa alisema kwamba kwa wazee dawa ile huvuruga kumbukumbu na fikra, akaiondoa polepole huku akimwanzishia levodopa, na mama akachangamka.

Hata hivyo uchovu mwingine ulibaki. Alipopimwa damu ilikuwa pungufu, na baadaye ikaonekana pia kwamba ana sonona, kwa maana alikuwa anaamka alfajiri na kulia bila kutueleza. Yote mawili yalitibiwa. Nashauri mzee apimwe wingi wa damu, sukari na tezi ya thairoidi kabla ya kulaumu Parkinson kwa kila kitu.

Mzizi Mkavu

Mbona mnahangaika na vidonge? Upupu una levodopa ya asili. Kausha mbegu, saga, weka kijiko kwenye uji. Hauna kemikali.

Mfamasia wa Makole

Nianze na ndugu Mzizi Mkavu, kwa sababu alichosema kina ukweli ndani yake na ndiyo sababu ni cha hatari. Mbegu za upupu kweli zina levodopa, na hiyo ni kemikali ileile iliyomo kwenye kidonge. Tofauti ni kwamba kiasi chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na hakuna kabidopa ndani yake. Kazi ya kabidopa ni kuzuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini (kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo, ambayo hupungua kwa mgonjwa wa Parkinson) ikiwa bado nje ya ubongo, ambako huleta kichefuchefu na kushusha presha. Mzee ambaye tayari yuko kwenye kidonge akiongezewa kijiko cha upupu atakuwa ametumia dozi ambayo hakuna anayeijua.

Sasa nirudi kwa mleta mada. Katika maelezo yako nimeona mambo mawili ambayo ningeyachunguza kabla ya mengine.

La kwanza ni chakula. Levodopa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kwa njia ileile inayopitisha protini zilizomeng'enywa, na vikikutana hugombania mlango. Kidonge kinachomezwa juu ya ugali na maharage, nyama au mboga iliyoungwa kwa karanga kinaweza kuchelewa au kufika kidogo sana. Asubuhi mzee akinywa uji mwepesi dawa inapita bila shida, ndiyo sababu huenda anapata ahueni saa nne. Mchana anakula mlo mzito, dawa haifiki vizuri, naye anaishiwa nguvu mkiamini ameshatumia dozi. Kwa kawaida tunashauri kidonge kimezwe kwa maji nusu saa kabla ya kula au angalau saa moja baada ya kula. Maelekezo ya baada ya kula hutolewa mwanzoni ili kupunguza kichefuchefu, na kama kichefuchefu bado kipo, kitu chepesi kisicho na protini nyingi, mathalani ndizi au kipande cha kiazi, kinatosha. Msimnyime mzee maharage na maziwa, kwa sababu wagonjwa hawa hupungua uzito kwa urahisi. Badilisheni saa tu.

La pili ni presha. Ugonjwa wa Parkinson wenyewe huharibu uwezo wa mwili kupandisha presha mtu anaposimama, levodopa huishusha zaidi, na juu ya hapo mzee ana dawa mbili za kuishusha, mojawapo ikimwondolea maji mwilini katika mji ambao joto na upepo mkavu tayari vinamkausha. Mlo mzito nao hushusha presha kwa saa moja au mbili. Apimwe akiwa amelala kwa dakika tano, kisha asimame na apimwe tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hilo ni jibu la sehemu ya uchovu wake, na daktari ndiye atakayeamua kidonge gani cha presha kiondoke. Kipimo cha kukaa kitini pekee, ambacho ndicho tunachofanya wengi kwa haraka, hakiwezi kulionyesha.

Kuhusu kusimamisha dawa: levodopa ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kukakamaa mwili mzima, kupata homa kali na kuchanganyikiwa, na wapo wanaopoteza maisha.

Kuhusu pramipeksoli, alichosema Mwalimu kinafahamika. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa waliopitiwa na usingizi ghafla wakiwa wanaendesha magari, wengi wao wakitumia dawa hiyo. Anayeitumia na kuendesha bodaboda au gari alizungumze hilo na daktari mapema. Ipo pia rasagilini, dawa nyingine ya Parkinson, ambayo katika jaribio kubwa lililoitwa ADAGIO ilionekana kupunguza kidogo kasi ya kuongezeka kwa uchovu kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo. Nasisitiza neno kidogo. Haifai kuchanganywa na tramadoli, ile dawa ya maumivu, na huhitaji uangalifu mkubwa pamoja na dawa za sonona, kwa hiyo Binti wa Singida asiichukulie kama nyongeza ya kawaida kwa mama yake.

Jambo la mwisho, hata kama hamkuliuliza: mzee akitapika kwa sababu yoyote, mwambieni mhudumu kabla hajachomwa sindano kwamba ana Parkinson. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika ambayo wengi mnaiita Plasil, huzuia dopamini na inaweza kumrudisha nyuma kwa siku moja tu. Domperidoni ni mbadala unaofaa zaidi, ikiwa moyo wake hauna matatizo.

Mkazi wa Ilazo (mleta mada)

Nawashukuru sana, na nimerudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa pembeni.

Daftari lilionyesha kwamba siku za uji na matunda mchana baba alikuwa na nafuu, na siku za nyama au maharage aliishiwa nguvu mapema. Presha akiwa amelala ilikuwa 132 kwa 78, na aliposimama ikawa 104 kwa 66, ingawa yeye mwenyewe hakulalamika kizunguzungu bali alisema tu kwamba mabega yanamwuma na kichwa ni kizito. Daktari aliondoa dawa ya kuongeza mkojo, akabakiza amlodipini kwa uangalizi, na akakubali saa za dawa zisogezwe mbali na chakula. Dozi yenyewe hakuigusa.

Mchana umebadilika kwa kiasi ambacho hata shangazi amekiona, ingawa yeye anasema ni kwa sababu dawa moja imepunguzwa, na kwa maana fulani hakukosea. Anakaa barazani na wazee wenzake hadi alasiri na anabishana nao kuhusu bei ya alizeti. Uchovu wa asubuhi uko palepale. Nadhani huo ndio ule wa kwanza aliousema Mwalimu. Je, mazoezi yanasaidia au yanamchosha zaidi?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Yanasaidia, mradi yasiwe ya kukomoana. Mimi hutembea mapema kabla jua halijawa kali, nikiwa nimeshameza kidonge na kusubiri kianze kufanya kazi, kwa sababu kutembea dawa ikiwa haijaingia ni kujitafutia kuanguka. Siku nzuri najizuia nisifanye kazi zote zilizolala, maana siku mbili zinazofuata nitazilipia kitandani. Hilo la kujizuia ni gumu kwa mkulima kuliko kwa mwalimu, nakuonya mapema. Watu wa nyumbani nao waelezwe kwamba mzee hajakata tamaa wala hajawakasirikia anapokataa redio.

Binti wa Singida

Naomba kumuuliza Mfamasia: mama anatumia vidonge vya madini ya chuma kwa ajili ya damu. Je, navyo vinagombana na levodopa? Na mnafanyaje dawa inapokosekana dukani?

Mfamasia wa Makole

Ndiyo, madini ya chuma hushikamana na levodopa tumboni na kupunguza kiasi kinachofyonzwa, kwa hiyo viachanishwe kwa angalau saa mbili. Cha chuma kinaweza kupewa usiku wakati wa kulala, ikiwa hapo hakuna dozi ya levodopa.

Kuhusu kukosekana, levodopa na kabidopa zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini orodha haijazi rafu. Msisubiri karatasi ya mwisho ya vidonge ndipo muanze kutafuta. Wateja wangu wengi huagiza Dar es Salaam kwa ndugu anayekuja na treni ya SGR, na hilo ni sawa mradi mtumaji apewe picha ya kasha yenye nguvu ya dawa, kwa sababu kipo kidonge cha 100 kwa 25 na kipo cha 250 kwa 25, na nusu ya kimoja si nusu ya kingine. Kipo pia kile kinachotoa dawa polepole, ambacho hakisagwi wala kutafunwa. Mkiletewa kasha lisilofanana na la awali, lileteni dukani tulitazame kabla mama hajameza.