Laini ya zamani haiingii kwenye simu mpya: niikate au nichukue nyingine?

Kibarua_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Nimeachana na kitochi, jana nimenunua simu janja. Laini yangu ni ile kubwa, haiingii. Fundi wa mtaani anaikata kwa buku. Mwingine kaniambia niende dukani kwa mtandao nipewe mpya kwa namba ileile. Kipi bora? Wateja wananipigia hiyohiyo.

FundiKkoo: Simu gani? Laini ya mwaka gani? Imesajiliwa kwa jina la nani? Bila hayo tunabahatisha.

Mama_Chanika: Kata, mdogo wangu. Yangu ilikatwa 2014, mpaka leo inadunda. Foleni ya nini?

FundiKkoo: Dada, laini hazilingani. Nano, ile ndogo ya simu janja, ni milimita 12.3 kwa 8.8, unene 0.67. Za zamani zina 0.76. Ukiikata tu bila kuisugua, inang'ang'ania ndani na kung'oa vile vipini vya shaba vya simu vinavyoigusa laini. Tena laini za enzi za 2G hata zikiingia hazishiki 4G.

Mama_Chanika: Mimi WhatsApp inafunguka vizuri tu.

Mvuvi_Wete: Ndugu, usikate kabla hujajua laini ni ya nani. Yangu alinisajilia shemeji kwa kidole chake, mimi kitambulisho kilikuwa hakijatoka. Kijana akaikata kwa mkasi, chipu ikapasuka. Nikaenda kwa wakala, naweka kidole, inakataa. Naweka tena, inakataa. Akaniambia mwenye laini aje mwenyewe. Shemeji yuko Muscat! Ndani ya namba ile nilikuwa na akiba ya kununulia mashine ya boti. Pesa haikupotea, maana inakaa kwenye namba, siyo kwenye kadi, lakini miezi minne sikuigusa. Msimu mzima nilivua kwa boti ya watu mpaka shemeji aliporudi kwa Idi.

Mama_Chanika: Pole sana, kaka.

Mwl_Iringa: Na majina je? Kitochi huhifadhi kwenye laini, kama 250 hivi. Ukipewa laini mpya inakuja tupu. Yahamishie kwenye simu kwanza.

FundiKkoo: Hapo umenena. Wengi wanalia kwa hilo kuliko pesa.

Dogo_Sinza: Mambo ya kadi yanaisha, wazee. iPhone 14 za Marekani hazina hata tundu la laini, ni eSIM tu, laini iliyojengewa ndani ya simu.

Mwl_Iringa: Simu ikizima chaji njiani, hiyo eSIM utaihamishia kwenye kitochi cha jirani? Kadi unaichomoa, unapiga, unarudisha.

Dogo_Sinza: Lakini mwizi hawezi kuichomoa na kuitupa.

FundiKkoo: Tumemwacha mwenye uzi. Kibarua, upo?

Kibarua_Tanga: Nipo. Simu ni Tecno. Laini ya 2011. Usajili alifanya kaka, yuko Kahama machimboni.

FundiKkoo: Sasa hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo! Iweke kwenye simu ya mtu inayoingia, piga *106# uone jina lililopo.

Kibarua_Tanga: La kaka. Nimempigia, hapatikani. Fundi anafunga saa mbili.

Mama_Chanika: Si akate kwa kile kikatio chao, siyo mkasi?

Mvuvi_Wete: Asikate! Irudishe kwenye kitochi, tembea na simu mbili mpaka kaka apatikane.

Kibarua_Tanga: Kitochi nimeshamuuzia jirani. Ngoja nikamgongee.